Mweka hazina, acha seli zijipake rangi: makro ndogo ya kukagua michango ya chama

Kama wewe ndiye mweka hazina wa chama, unaijua ile Jumapili ya mwisho wa mwezi. Watu wameketi, chai inapoa, kitabu kiko mapajani mwako, na hesabu ya kitabu haikubaliani na pesa iliyo kwenye simu. Tofauti ni shilingi 500 tu. Hakuna mtu anayesema neno, lakini wote wanakutazama wewe.

Hilo lilimpata shangazi yangu huko Mraru, karibu na Voi. Chama chao kina wanachama 32 na kila mmoja hutuma 500 kwa mwezi. Kitabu kilisema wamelipa watu 31, yaani 15,500. Simu ilisema 15,000. Alitoa 500 yake mwenyewe mfukoni ili mkutano uishe, halafu usiku akanipigia. "Mwanangu, wewe umesoma mambo ya kompyuta. Nitafutie hiyo pesa imeenda wapi." Mimi nimesoma mambo ya soko na matangazo, lakini kwa shangazi yeyote mwenye digrii amesoma kompyuta.

Pesa haikuwa imeenda popote. Ilituchukua karibu saa mbili kuona kwamba namba moja ya muamala ilikuwa imeandikwa mara mbili, kwenye kurasa mbili tofauti, kwa majina mawili. Wifi wawili wanatumia simu moja. Mmoja alituma mchango wake, na wa pili akaforwadi meseji ile ile akidhani ndiyo yake. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya, ila jicho la mtu haliwezi kulinganisha namba 31 zenye herufi na tarakimu zilizochanganyika bila kuruka moja.

Kompyuta inaweza. Ndiyo maana leo nataka tuongee kuhusu seli zinazojipaka rangi zenyewe kwenye lahajedwali, na hasa kuhusu makro, kile kiprogramu kidogo unachokiweka ndani ya faili la Excel kikufanyie kazi ile ile kila mwezi bila kuchoka.

Kabla ya hapo, maneno mawili kuhusu Mraru yenyewe, kwa sababu si mahali pa kudharau kwenye mambo ya kuchanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa huko walikuwa na shida ya kufika Voi. Mabasi yalikuwa machache, na yakifika yalikuwa yamejaa. Kikundi chao kikaanza kuchanga kidogo kidogo, na mwaka 1975 basi lao wenyewe likaanza kubeba abiria. Mwaka 1980 kisa hicho kiliandikiwa kijarida kilichosomwa mbali sana na Taita. Basi hilo lilianza zaidi ya miaka 30 kabla ya M-Pesa kuanza Kenya, Machi 2007. Kwa hivyo mtu asikwambie kwamba mambo ya chama ni madogo. Kilichobadilika ni kwamba zamani pesa ilihesabiwa mezani mbele ya wote, na siku hizi inaingia kwenye simu moja, kwa saa tofauti, na ushahidi wake ni meseji.

Sasa tuingie kazini. Andaa shiti yako hivi. Safu A iwe tarehe, safu B jina, safu C namba ya muamala, safu D kiasi. Mstari wa kwanza ni vichwa, na malipo yanaanzia mstari wa pili. Kila mwezi uwe na shiti yake.

Kama unataka kitu kimoja tu, yaani kuona namba zilizojirudia, huhitaji makro hata kidogo. Chagua safu C, nenda Home, bonyeza Conditional Formatting, kisha Highlight Cells Rules, kisha Duplicate Values. Basi. Namba yoyote iliyoandikwa mara mbili itageuka nyekundu hapo hapo unapoiandika. Kama shangazi angekuwa nayo ile Jumapili, angeokoa shilingi 500 na usingizi wa usiku mmoja. Kwenye simu pia inawezekana: programu ya Google Sheets ina kanuni kama hiyo, ambapo unachagua seli za safu C kuanzia C2, unaweka fomula =COUNTIF(C:C,C2)>1 na kuchagua rangi. Kwa wengi wenu, mkifika hapa mmefika. Sitaki mtu aanze kuandika makro kwa sababu tu inasikika ya kisomi.

Makro inaanza kuwa na maana pale ambapo una mambo kadhaa ya kukagua kwa pamoja, kila mwezi, kwenye shiti mpya. Zile kanuni za rangi nilizotaja zina tabia mbaya: ukikopi na kupesti mistari huku na huku, zinakatika vipande vipande. Baada ya miezi michache unakuta sehemu ya safu ina kanuni na sehemu nyingine haina, na wewe hujui. Makro haijali ulipesti nini. Ukiiita, inafuta rangi za zamani na kukagua upya kutoka juu hadi chini.

Kuna njia rahisi ya kupata makro, ile ya kurekodi: unabonyeza View, Macros, Record Macro, unafanya kazi yako kwa mkono, na Excel inakumbuka. Mimi nilianza hivyo na ikaniangusha. Excel ilikumbuka mpaka anwani za seli, C2 hadi C33, kwa sababu siku ile kulikuwa na mistari 32. Mwezi uliofuata kulikuwa na mistari 40, maana wengine hulipa kwa vipande viwili. Mistari minane ya mwisho haikukaguliwa kabisa, na haikuonyesha dalili yoyote. Seli nyeupe inaonekana sawa na seli iliyokaguliwa ikapita. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya rangi za kujipaka, na ndiyo iliyonifanya niandike hii ndogo kwa mkono:

Sub PakaRangi()
  Dim mwisho As Long, i As Long
  mwisho = Cells(Rows.Count, "B").End(xlUp).Row
  If mwisho < 2 Then Exit Sub
  Range("A2:D" & mwisho).Interior.ColorIndex = xlNone
  For i = 2 To mwisho
    Cells(i, "C").Value = UCase(Trim(Cells(i, "C").Value))
  Next i
  For i = 2 To mwisho
    If VarType(Cells(i, "A").Value) <> vbDate Then
      Cells(i, "A").Interior.Color = vbYellow
    ElseIf Format(Cells(i, "A").Value, "yyyymm") <> Format(Range("F1").Value, "yyyymm") Then
      Cells(i, "A").Interior.Color = vbYellow
    End If
    If Len(Cells(i, "C").Value) <> 10 Then
      Cells(i, "C").Interior.Color = vbYellow
    ElseIf WorksheetFunction.CountIf(Range("C2:C" & mwisho), Cells(i, "C").Value) > 1 Then
      Cells(i, "C").Interior.Color = RGB(255, 150, 150)
    End If
  Next i
End Sub

Usiogope. Fungua faili lako kwenye kompyuta, bonyeza Alt na F11 pamoja, chagua Insert kisha Module, pesti maneno hayo yote, kisha rudi kwenye shiti. Kwenye seli F1 andika siku ya kwanza ya mwezi unaoukagua, na mwezi uuandike kwa herufi, mfano 1-Apr-2025. Kuiendesha, bonyeza Alt na F8, chagua PakaRangi, bonyeza Run. Hakikisha uko kwenye shiti ya mwezi sahihi, kwa sababu inapaka ile iliyo mbele yako.

Inafanya nini? Kwanza inatafuta jina la mwisho kwenye safu B, ili ijue orodha inaishia wapi mwezi huu, iwe mistari 32 au 40. Inafuta rangi za nyuma. Kisha inasafisha namba za muamala: inaondoa nafasi tupu zilizojificha mwanzoni na mwishoni, na kugeuza herufi ndogo kuwa kubwa. Jambo la nafasi tupu linaonekana dogo, lakini meseji ikikopiwa kutoka WhatsApp mara nyingi huja na nafasi mwishoni, na kwa Excel namba yenye nafasi na isiyo nayo ni vitu viwili tofauti. Namba iliyojirudia ingepita hapo kimya kimya.

Halafu inakagua. Namba ya muamala ya M-Pesa ina herufi na tarakimu kumi, kwa hivyo isiyofika au iliyozidi inakuwa njano. Kama mtandao wako unatumia urefu mwingine, badilisha hiyo 10. Iliyojirudia inakuwa nyekundu hafifu. Tarehe isiyo ya mwezi huo, au ambayo Excel haiioni kama tarehe kabisa, inakuwa njano. Waliolipa taslimu, andika neno TASLIMU kwenye safu C. Neno lenyewe lina herufi saba, kwa hivyo litabaki njano, na mkilipa taslimu watu wawili yatabaki njano yote mawili. Shangazi anapenda hivyo. Kila njano ya taslimu anaitafutia sahihi kwenye kitabu.

Mbona nimeweka mambo mengi hivyo kwenye tarehe? Kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na sijalisahau.

Makro yangu ya kwanza haikuwa na upole huu. Ilihesabu nani amelipa ndani ya mwezi, na asiyelipa jina lake likapakwa nyekundu, na pembeni ikaandika MDAIWA. Niliona ni kitu kizuri sana. Tukaprinti, na karatasi ikabandikwa ukutani pale wanapokutana. Kulikuwa na jina moja jekundu, la mama mmoja mtu mzima ambaye hajawahi kuchelewa. Hakusema kitu mkutano mzima. Walipomaliza alimwita shangazi kando na kumwonyesha simu: alituma tarehe 3 Aprili, saa mbili asubuhi.

Tatizo lilikuwa laptopu yangu. Ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mimi niliandika 3/4 nikimaanisha tarehe 3 mwezi wa 4. Laptopu ikasoma tarehe 4 mwezi wa 3. Kwa makro yangu, mama yule alilipa Machi, na Aprili hakulipa. Tarehe kama 13/4 ni tofauti kidogo: hakuna mwezi wa 13, kwa hivyo Excel inaiacha kama maandishi tu, na hapo angalau inaegemea kushoto kwenye seli na mtu mwenye jicho anaweza kuiona. Lakini 3/4, 5/4, 7/4 zinakaa vizuri kabisa na zote ni za uongo. Siku 12 za kwanza za kila mwezi ndizo zenye mtego huu, na ndizo siku ambazo watu wengi hutuma michango.

Nilikwenda kumwomba mama yule radhi. Akaniambia, "Si neno, mwanangu, ila uliponiandika ukutani hukuniuliza." Sikuwa na jibu.

Tangu hapo makro hiyo haipaki jina la mtu. Inapaka tarehe na namba ya muamala, basi. Neno MDAIWA nililifuta. Na karatasi ya rangi haibandikwi mahali. Rangi ni ya mweka hazina, akiwa peke yake na simu yake, siku mbili kabla ya mkutano, ili apate muda wa kupiga simu na kuuliza. Kuna wakati nyekundu yenyewe ni halali kabisa: wale wifi wawili sasa hutuma 1,000 kwa meseji moja, kwa hivyo namba moja inaonekana kwenye mistari miwili ya 500. Makro inaipaka nyekundu kila mwezi, shangazi anaangalia kiasi kwenye meseji, anaona ni 1,000, anaendelea. Mimi nilitaka kuongeza kanuni ya kuwaruhusu wale wawili. Akakataa, akasema kuangalia ni sekunde tano.

Kuna mambo ambayo hakuna rangi itakayokuonyesha. Meseji ya uongo iliyotungwa na mtu mjanja inaweza kuwa na namba ya herufi kumi nzuri tu, na itabaki nyeupe. Muamala ambao mtumaji ameomba urejeshwe baada ya kukuonyesha meseji pia utabaki nyeupe. Kwa hivyo usijaze shiti kutoka kwa meseji zilizoforwadiwa. Ijaze kutoka kwa meseji zilizoingia kwenye laini ya chama yenyewe, na kabla ya mkutano omba taarifa ya miamala ya mwezi mzima na ulinganishe jumla ya pesa zilizoingia na jumla ya safu D, ukitoa taslimu. Kama chama chenu bado kinatumia laini ya kibinafsi ya mweka hazina, ile ile anayonunulia unga na umeme, hapo hata makro kumi hazitawasaidia. Tafuteni laini ya chama au namba ya malipo ya kikundi.

Kuna mengine machache ya kuangalia. Ukihifadhi faili, chagua aina ya Excel Macro-Enabled Workbook, ile inayoishia na .xlsm. Ukihifadhi kama .xlsx ya kawaida makro inafutika na mwezi ujao utaitafuta usiione. Hifadhi nakala kabla ya kuiendesha, maana makro ikishafanya kazi kitufe cha kurudisha nyuma hakikusaidii. Pia makro hizi haziendeshwi na Excel ya simu, zinataka kompyuta. Kwa wengi hiyo ina maana ya saiba mjini Voi au laptopu ya kijana wa jirani. Kama ni saiba, fanya kazi kutoka kwa flashi yako na usiache faili pale. Majina na namba za simu za watu 32 ni data yao binafsi, na Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019.

Na hili nalisema kwa herufi nzito kama ningeweza: usiwashe makro ya faili ambalo hukulitengeneza au hukulipata kwa mtu unayemwamini uso kwa uso. Makro ni programu. Ile inayoweza kupaka seli rangi inaweza pia kufuta mafaili yako au kuingiza kitu kibaya kwenye kompyuta. Ndiyo maana tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Ukiona ule mstari wa onyo juu ya faili, usiubishie kwa sababu ya haraka. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "template ya chama, bonyeza Enable upate mkopo" ni wa kufutwa. Sisi hatutumii wateja mafaili ya Excel, na hakuna siku tutakuomba PIN yako, iwe kwenye shiti au kwa simu. Hata makro niliyoweka hapo juu, isome kwanza. Ni mistari isiyozidi 25 na haigusi kitu nje ya shiti yako. Kama kuna mwalimu wa kompyuta karibu, mwonyeshe.

Jaribio la kuanzia: kabla ya kuiamini na hesabu halisi, chukua mwezi uliopita ambao unajua uko sawa, na uuharibu kwa makusudi kwenye nakala. Rudia namba moja. Punguza herufi kwenye nyingine. Andika tarehe moja ya mwezi mwingine. Ongeza mistari mitano chini. Badilisha pia herufi O iwe sifuri kwenye namba moja kati ya mbili zilizofanana, uone jinsi inavyokuponyoka, kwa sababu hiyo makro haiioni. Ndiyo maana ni bora kukopi namba kuliko kuiandika kwa mkono.

Mwezi uliopita shangazi aliiendesha Ijumaa jioni. Ikatoa njano mbili za taslimu, njano moja kwa mtu aliyetuma tarehe 30 ya mwezi wa nyuma, na ile nyekundu ya wifi wawili. Alipiga simu moja tu.